Bitana Nyeupe Chini ya Gari

Siku aliyopata leseni ya udereva, Mama Pindo hakutulia. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mwenye kicheko kinene na miguu myepesi, na leseni hiyo aliizungusha mtaa mzima, kuanzia kwa muuza vifungo mpaka kwa kinyozi, kila mtu aishike, aigeuze, amrudishie. Jina la Pindo walimpa wateja wake. Wengine wakiletewa pazia hutazama maua. Yeye hushika pindo la chini kwanza, akalipapasa kwa kidole gumba, ndipo aseme kama kazi ni kazi au ni balaa.

Mumewe, ambaye mtaa ulimwita Kapteni, ndiye aliyeendesha gari lao tangu likiwa na rangi. Lilikuwa vani kuukuu la kubebea mapazia na fimbo zake, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Sasa macho ya Kapteni yalikuwa yameingia ukungu na daktari amemkataza usukani. Mtu aliyeshika usukani maisha yake yote akikatazwa hunywea, na Kapteni alinywea kweli. Ila kwa habari za lile gari alibaki hakimu, wakili na shahidi kwa pamoja.

Basi binti yao, aliyeolewa mji wa upande wa pili wa mlima, akajifungua mtoto wa kike. Hata kabla hajatoka hospitali alimpigia mama yake.

"Mama, nataka kuja kupumzika nyumbani. Utanifuata?"

"Nakuja na gari."

"Nani ataendesha?"

"Mimi hapa."

Simuni kikasikika kicheko. "Mama, na ule mlima?"

Hakuna mtu wa nyumba ile asiyeujua ule mlima. Gari lilichemsha kila lilipoupanda. Kapteni alikuwa na mahali pake, chini kidogo ya kona kubwa, ambapo husimama, hufungua boneti, husubiri injini ipoe, kisha humwagia rejeta maji ya bomba mpaka ishibe. Ndiyo maana dumu la maji lilisafiri nao daima, na makazi yake yalikuwa katikati ya miguu ya mke. Mama Pindo alilibana dumu lile tangu binti yake anavaa sare za shule.

Kwenda hakukumtisha. Kilichomkosesha raha ni kurudi: asimame kando ya barabara na kichanga, jua la utosi, boneti wazi inatoa moshi. Mkwewe alikwisha kusema, kwa adabu zake zote, kwamba gari likisumbua yeye atatafuta teksi. Mama Pindo hakutaka hata kuisikia hiyo teksi. Alitaka mjukuu wake aingie nyumbani akiendeshwa na bibi yake, na alilitaka jambo hilo kama mtoto anavyotaka kiatu kipya.

Akaenda kwa fundi wa magari wa pale kona. Alimkuta chini ya lori, akazungumza na miguu yake.

"Fundi, nikibadilisha maji ya rejeta mwenyewe, nitaharibu?"

"Mama, maji yenyewe yana rangi gani?" miguu ikauliza.

"Chai ya rangi."

Fundi akatoka, akajifuta mikono. "Hiyo ni kutu. Inatakiwa kulanti, ile ya kijani ya kupoza injini. Maji matupu yanakula chuma kidogo kidogo na njia zinaziba, ndiyo maana linachemsha. Kubadilisha unaweza, mradi injini iwe baridi kabisa, usije ukafungua mfuniko gari likiwa moto, maji yakakubabua uso. Lakini sikufichi, mama yangu. Gari la umri ule, wakati mwingine uchafu ndio unaoziba matundu. Ukiusafisha, unaweza kuamka kesho unakuta rejeta ni chujio. Na mimi rejeta ya gari lile sina, mpaka iagizwe."

Mama Pindo akarudi nyumbani akipimapima. Akiacha, gari litafika kama lilivyozoea kufika, kwa kupumzika. Akigusa, huenda lisiende kabisa, na teksi ya mkwe ikashinda.

Kapteni hakuwa na shaka hata kidogo. "Liache. Gari hili halijapata kunilaza njiani."

"Halijakulaza, Baba Watoto. Limekupumzisha kila mlima."

"Maji ni maji. Umesikia wapi gari linadai maji ya rangi?"

Mama Pindo hakubishana. Katika kazi yake hakuna anayetia mkasi kwenye kitambaa cha mteja bila kujaribu kwenye kipande. Asubuhi, gari likiwa baridi, alilegeza kizibo cha chini ya rejeta, akakinga kiasi cha kujaza chupa ya jamu, akafunga. Chupa akaiweka dirishani, kando ya cherehani, akaendelea kushona. Kufika jioni maji yalikuwa yametulia, na chini ya chupa kumelala tope jekundu, zito, unene wa kidole.

Akambebea mumewe chupa, akamsogezea karibu kabisa na uso, maana macho yake ndiyo hayo.

"Hiki ndicho unachokiita maji ni maji."

Kapteni aliigeuza chupa. Tope likasita, kisha likaporomoka upande. Akasema polepole, "Nilikuwa nalinywesha hili?"

"Ulikuwa hujui."

"Basi fungua. Mimi nitashika taa."

Mama Pindo alikata shauri pale pale, na furaha iliyompanda ilikuwa ya kuaibisha kwa mama mzima. Kesho yake alijifunga kanga kiunoni, akaingia chini ya gari kwa kelele nyingi, akayatoa maji yote ndani ya beseni, maana fundi alimwonya asimwage chini wanyama wakaja kunywa. Akasuuza mara kwa mara mpaka yakatoka meupe. Mipira ya kupitishia maji aliipapasa mmoja mmoja kama anavyopapasa vitambaa, na wa juu ukabonyea bila kurudi. "Huu umeoza," alisema, akaenda kununua mwingine. Kisha kulanti, nusu yake na nusu maji safi yasiyo na chumvi, akaimimina taratibu huku injini ikinguruma na mfuniko ukiwa wazi, mapovu yakipanda na kupasuka. Kila povu lilipotoka alicheka peke yake.

Sasa likabaki lile la chujio. Mama Pindo akachukua bitana nyeupe, ya kushonea nyuma ya mapazia, akaitandika chini ya injini upana mzima, tone likivuja lionekane.

"Umelitandikia shuka," Kapteni akasema. "Lipe na mto."

Asubuhi alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Katikati ya bitana palikuwa na doa moja la kijani.  Alikaa pale chini, spana mkononi, akijiona mjinga aliyeharibu gari kwa kimbelembele chake, na machozi yakamlenga.

Kapteni aliinama taratibu kando yake. Kuona hakuona vizuri, lakini vidole vyake vilijua njia, vikapanda na ule mpira mpya mpaka kwenye kibano chake. "Mama Pindo," alisema, "hapa hukukaza."

Alikaza yeye mwenyewe, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wakatandika bitana nyingine, na safari hii iliamka nyeupe kama ilivyolala.

Siku ya safari Kapteni alipanda upande wa abiria, dumu limejaa, kalibana katikati ya miguu. "Huwezi jua," alisema. Mlima ukaanza. Mama Pindo alitazama barabara kwa jicho moja na mshale wa joto kwa jingine. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukakaa hapo. Walipokaribia mahali pao pa kusimama, mguu wa Kapteni ulikanyaga sakafu kutafuta breki isiyokuwepo. Wakapapita. Wakaipita na kona. Mama Pindo alipiga honi ndefu, bila gari mbele wala nyuma, kwa furaha tu.

Binti alikuwa anawasubiri mlangoni, mtoto kifuani, mumewe kando yake ameshika simu ya kuitia teksi. Alipoona boneti haitoi hata mvuke, mkwe aliirudisha simu mfukoni. Mama Pindo akashuka mbio, mikono imenyooshwa mbele.

"Ngoja," Kapteni akamwita.

Alikuwa ameshuka na dumu lake. Akalifungua, akaliinamisha kwa mikono miwili.

"Mikono kwanza," alisema. "Tuanze na ya dereva."

Mama Pindo alikinga viganja akilia na kucheka, na Kapteni akammiminia maji yote, bila kubakiza ya mlimani.