Mtamba wa Ulingoni

Chama cha ngumi za ridhaa kilikaa Dar es Salaam, na sisi wa Mwanza tulikijua kwa mzani, sanduku la glovu na mjumbe aliyekuja na treni kuvisindikiza. Vyote vilikuwa mali ya Chama. Mashindano ya kanda yakiisha, glovu zilifungiwa sandukuni zikiwa bado na jasho la vijana wetu, zikarudi zilikotoka. Klabu ya kiwanda aliyochezea kaka yangu ilifanya mazoezi kwa glovu za turubai zilizojazwa mabaki ya pamba. Mimi ndiye niliyezishona. Hadi leo nikimsikia kiongozi redioni akijisifu kwamba Chama kiliwalea mabondia, natamani kumwuliza kiliwalea kwa uji gani.

Kaka na mimi tulifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo, yeye kwenye mitambo ya kufuma, mimi kwenye kukunja vitenge. Tulipanga chumba mtaa wa Mabatini. Ilikuwa miaka ya soko huria: mitumba imejaa kila kona, vitenge vyetu vinalala ghalani, na neno "kupunguzwa" linatajwa kwa sauti ya chini kama jina la ugonjwa. Kaka aliona njia moja tu ya kupona, nayo ni kuingia timu ya taifa. Meneja alikuwa ameahidi kwamba mchezaji wa taifa hatapunguzwa, na kaka aliishikilia ahadi ile kama mtu anayezama.

Baba hakuzipenda ngumi. Alikuwa mfugaji ng'ambo ya Busisi, na zaidi ya hapo alikuwa manju, kiongozi wa ngoma aliyejulikana vijiji vingi. "Unampiga mtu hamjagombana," alimwambia kaka, "halafu mnapeana mikono. Huo ni wazimu wa mjini." Kaka alicheza miaka na miaka, Baba hakuja kumwona hata mara moja. Kaka alijifanya hajali. Mimi nilijua anajali.

Mwaka ule, mashindano ya kanda ya kuchagua timu ya taifa yalipofanyika Mwanza, Baba akaja. Alivuka kwa pantoni hadi Kigongo, na hakuja mikono mitupu. Aliswaga mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, akamfikisha mjini na kumfunga kwenye nguzo ya goli, pembeni ya ulingo uliosimamishwa katikati ya uwanja wa shule. Watu wakacheka. Nilimwamkia, nikamwuliza ng'ombe wa nini.

"Akishinda ni wake," alisema. "Akishindwa narudi naye. Kwani anakula kwako?"

Kaka alishinda. Sitaki kusimulia pambano, maana nililitazama kupitia vidole vyangu. Mwamuzi alipomwinua mkono, Baba alikuwa ameshafungua kamba. Alipasua umati akimvuta mtamba, wazee wenzake wa ngoma waliokuja naye wakiwa nyuma yake, akafika kwenye kamba za ulingo akaanza kumsifu mwanawe kwa sauti ile ile ya uwanja wa ngoma. Akataja babu zetu. Akasema huyu ni damu yangu, nilimkataza bure, nimekosea. Kisha akanyoosha kamba juu. Kaka alikuwa bado na glovu, vidole vyake havikuweza kushika kitu, akaibana ile kamba kati ya glovu mbili na kulia mbele ya watu. Uwanja mzima ulipiga vigelegele. Na mimi nililia, kwa furaha.

Kwetu ndivyo inavyofanyika. Ngoma za ushindani zinapochezwa baada ya mavuno, mchezaji akikugusa moyo unaingia uwanjani na kumtuza mbele ya watu, kwa kadiri Mungu alivyokujalia. Tuzo hairudi. Anayetoa kisha akachukua, hata mbwa wake mwenyewe hamheshimu.

Mjumbe wa Chama alitufuata jioni ile ile. Nitakuwa mkweli, hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Baba shikamoo, akakaa kwenye ndoo tuliyompindulia, akasema kwa upole kwamba kwa kanuni za Chama bondia wa ridhaa hapokei kitu kwa kupigana. Apewe kikombe, apewe cheti, basi. Siku hizo mapromota wa ngumi za kulipwa walikuwa wamezagaa, na Chama kiliogopa kila kitu kilichofanana na malipo. Kaka amepokea ng'ombe ulingoni, watu wamemwona. Jina lake haliwezi kwenda kwenye timu ya taifa.

"Kikombe chenyewe kina nini ndani?" Baba aliuliza.

"Hakina kitu, Mzee."

"Kwa hiyo mwanangu apigwe usoni kwa ajili ya kikombe kitupu."

Mjumbe akaisogeza ndoo karibu naye. Alisema ipo njia moja. Kesho yake, kabla ya majina kusomwa, ng'ombe achukuliwe hadharani, mbele ya wale wale walioona, na itamkwe kwamba hakutolewa.

Kaka aliruka. "Siyataki majina yao. Baba, ng'ombe habanduki hapa."

Baba alimtazama, akanigeukia mimi. "Mama, wakimpunguza kazini atakula nini?" Nikamwambia watu waliokwisha kupunguzwa wanashindia mapanki, mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda vya minofu. Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake Baba alisimama uwanjani akiwa na ile kamba mkononi. Alikuwa na sauti ya kuzima ngoma mbili, lakini siku ile waliokuwa nyuma walimwambia aongeze. Akasema, "Ng'ombe ni wangu. Sikumpa. Nilikuwa najisifu tu." Watu wa mjini walicheka wakaendelea na karanga zao. Wazee wenzake wa ngoma waligeuka wakaondoka, na hakuna aliyemuaga. Jina la kaka likasomwa.

Alikwenda kambini Dar es Salaam. Wakaamka alfajiri, wakakimbia, wakala maharage, wakangojea nauli ya kwenda kwenye mashindano nje ya nchi. Serikali ikakiambia Chama kwamba zama zimebadilika, kitafute wafadhili. Chama kikaitisha mikutano. Nilisikia kwenye redio ya dukani, nikipimiwa sukari, kwamba safari imefutwa na kambi imevunjwa. Kaka alirudi na koti la michezo. Idara yake ilikuwa imeshafungwa, na yule meneja wa ahadi alikuwa ameondoka, na walionunua kiwanda hawakumjua mtu.

Akapata kibarua cha kubeba barafu kwenye kiwanda cha samaki. Promota alimfuata zaidi ya mara moja. Mimi nilimsihi akubali, njaa haina kanuni. Akaniambia, "Nikipokea sasa, Mzee atakuwa alidanganya bure." Nilimkasirikia sana. Mzee alikuwa amedanganya bure tayari, lakini ningemwambiaje?

Kijijini wapinzani wa Baba walitunga wimbo: manju anatoa kwa mkono, anavuta kwa kamba. Waliucheza msimu mzima. Baba hakuingia tena uwanjani. Yule mtamba alikua, akazaa, na Baba hakumkamua wala kumwuza. Alimchunga na wengine, akimwita ng'ombe wa watu.

Baba alifariki kabla ya mvua za masika. Waombolezaji walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, hata walioimba ule wimbo, na ilibidi ng'ombe achinjwe. Vijana waliingia zizini wakamtoa yule mwekundu mwenye baka jeupe. Baba mdogo akawazuia. "Mpeni kamba mwenyewe," alisema.

Kaka akatoka kwenye kundi la wanaume. Aliipokea ile kamba, akaizungusha kwenye kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika kwa mikono mitupu.