Karatasi za Muhogo

Mtaa mzima unamwita mke wangu Profesa Uji, na yeye huitika. Mimi ningekasirika. Yeye hucheka tu, kisha humuuliza aliyemwita kama bado anafungia karanga kwenye nailoni.

Alisomea kemia ya vyakula na akafanya kazi katika maabara ya chuo, mpaka mradi wao ulipofungwa na vyombo vikapelekwa stoo. Wenzake walitafuta kazi kwingine. Yeye alirudi nyumbani na mizani ndogo, kipimajoto, na wazo lililokataa kubaki chuoni: kutengeneza kwa wanga wa muhogo karatasi laini ya kufungia chakula, inayoonyesha kilichomo ndani, na ambayo ukishaitupa inaoza kama ganda la ndizi. Watu husema mwanamume akioa amepata jiko. Mimi nilipooa nilipoteza hata lile nililokuwa nalo, maana jiko letu liligeuka kiwanda, na chai yangu ikawa inachemkia kwa jirani.

Kazi yenyewe ukiitazama ni upishi mtupu. Wanga unachanganywa na maji, siki, gliserini kidogo ili karatasi isivunjike ikikunjwa, na unga mweupe uliotokana na maganda ya kamba wa baharini, ambao kazi yake ni kuzuia ukungu. Vinakorogwa juu ya moto mdogo mpaka viwe uji mwepesi unaong'aa. Uji unamwagwa kwenye sinia za kioo, unaachwa ukauke, na kesho yake unabanduliwa taratibu kuanzia pembeni. Ukikubali, unabanduka wote kwa mara moja, mwembamba na laini. Mimi ni fundi cherehani, na nikiushika nauona kama kitambaa cha bitana. Ukikataa, unang'ang'ania vidole na kumtia mtu hasira asubuhi yote.

Mama mkwe wangu tunaishi naye. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na hawezi kuona sufuria inachemka asiisogelee. Mke wangu alipotoka kupokea simu au kumwona mgeni mlangoni, alimwachia mwiko.

"Mama, nikorogee kidogo, uji usishike chini."

"Nenda zako, mwanangu. Mimi nilikoroga kabla hujazaliwa."

Basi hapo mtaani kuna mwoka mikate, mtu wa maneno machache na masharti mengi. Nailoni ilikuwa imepigwa marufuku, na wateja walimlalamikia kwamba kwenye karatasi za kawaida mkate unakauka kabla haujafika mezani. Akaja mwenyewe kwa mke wangu.

"Mkate wangu ukae siku tatu," akasema. "Uwe laini, usiote ukungu, na karatasi isiushike. Ukiweza hilo, Profesa, mikate yangu yote naifungia kwako."

Wiki hiyohiyo kikapiga simu kiwanda cha plastiki cha mji mwingine, kinachotengeneza ndoo, beseni na vifungashio. Kilitaka mkemia. Mshahara ulikuwa mnono na nyumba ya kuishi ilikuwepo, ila jibu lilitakiwa mwisho wa mwezi. Mke wangu alijiwekea ahadi: mwoka mikate akikubali, anabaki, akikataa, anakwenda. Mimi nilimwambia uamuzi ni wake, kwa sauti ya mwanamume mwenye busara, na siku hiyo nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Sikutaka aende. Nyumba bila yeye ningeifanyia nini?

Jaribio la kwanza halikwenda vizuri. Mwoka mikate alirudi na mkate mkononi, karatasi imeganda juu yake, na alipoivuta ilitoka na ngozi ya mkate.

"Hii si karatasi," akasema. "Hii ni gundi."

Sikumpenda mtu yule siku ile, ingawa alisema kweli.

Mke wangu akaanza upya. Alipunguza gliserini, akauchuja wanga mara mbili, akabadilisha sufuria. Leo sinia zinatoka safi, kesho zinatoka zinanata kama zimetoka jasho. Akaishuku mvua. Akamshuku muuza muhogo. Siku moja alinishuku mimi, akanihamishia barazani na pasi yangu kwa sababu ya mvuke, na majirani wakapata la kusema. Mwezi ukawa unayoyoma, na ule ucheshi wake nikauona unapungua. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi jikoni, karatasi inayonata mapajani, simu mkononi. Mama yake alikuwa anachambua mchele.

"Mama, nimeshindwa," akasema. "Nawapigia kiwandani niwaambie nakwenda."

"Ukatengeneze plastiki?"

"Ndiyo, mama."

"Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao wenyewe umetoboka, mama."

"Umetoboka wapi?" Mama mkwe akaweka ungo chini. "Mbona siku hizi uji wako umekaa vizuri? Zamani nikionja, ni mtamu, ni mchachu, lakini chumvi hata chembe. Nilikuwa naona aibu. Msomi mzima unawapelekea watu kitu hakina chumvi!"

Mke wangu akainua kichwa. "Siku hizi kina chumvi?"

"Ukiniachia mwiko, natia. Kidogo tu, mkono mmoja."

Mkono wa mpishi wa shule ya bweni mnaujua. Nikazikumbuka sinia zilizotoka safi: zote zilipikwa siku ambazo mama hakuwepo, amekwenda kumjulia hali dada yake. Nikaangalia dari nisicheke mbele ya mkwe.

"Mama, ule uji hauliwi."

"Kinachopikwa jikoni kinaliwa."

"Huu ni wa kufungia mkate. Chumvi inavuta maji hewani, karatasi inalowa, ndiyo maana inanata."

Uso wa mama mkwe ulisinyaa, akaitazama mikono yake. "Kumbe ni mimi ninayekuharibia kazi," akasema polepole.

Mke wangu akapiga magoti, akaishika ile mikono. "Hujaharibu, mama. Nilikupa mwiko bila kukuambia tunapika nini. Kosa ni langu." Kisha kicheko kikamshinda, mama naye kikamshika, na mimi nikapata ruhusa ya kucheka.

Mchana ule alimweleza mama yake kila kitu, chombo kwa chombo, kama mwanafunzi mpya wa maabara. Mama mkwe aliuliza maswali magumu. Sinia walizopika pamoja zilibanduka zote bila ubishi.

Siku tatu baada ya mikate kufungwa kwa karatasi hizo mpya tulikwenda watatu kwa mwoka mikate. Duka lilikuwa na wateja, na mama mkwe alikuwa ameshawaambia kwamba mkorogaji ni yeye. Mwoka mikate akauchukua mkate, akaugeuza, akaubonyeza. Akaivuta karatasi. Ikatoka nzima, kavu, bila chembe ya mkate. Akaukata mkate, akaunusa, akatafuta ukungu hadi nikatamani kumnyang'anya kisu. Mwishowe akakata kipande, akala chote taratibu, huku mke wangu amenishika kiwiko mpaka kinauma.

"Kuanzia wiki ijayo," akasema mwoka mikate. "Lakini msinicheleweshe. Mimi huoka alfajiri."

Mama mkwe akamjibu kwamba yeye alikuwa akiamka kabla ya waoka mikate wote.

Tulipotoka nje, mke wangu aliwapigia kiwandani palepale barabarani. Aliwashukuru kwa heshima, akawaambia hatakwenda, ameshapata kazi. Nadhani walimuuliza kwa nani, maana alitugeukia mimi na mama yake. Muda wote ule tangu maabara ifungwe, watu wakimuuliza anafanya kazi wapi alikuwa akijibu kwamba kwa sasa yupo nyumbani tu.

"Kwangu mwenyewe," akasema. Akakata simu, akatuuliza nani anakwenda kununua muhogo.