Nilivyomchanja Fundi Chilumba wa Keko kwa mguu wa kiti

Kwanza ilikuwa sauti.

Kabla hatujaona chochote tulisikia, "Chanjo ni salama! Chanjo ni hiari! Chanjo ni bure!" Kikafuata kipande cha muziki wa singeli, halafu ikaanza upya: salama, hiari, bure. Ikasogea mpaka jirani akazima mashine yake ya kupasulia mbao na watu wakatoa vichwa nje.

Ndipo Bajaji ikakata kona, imebeba spika mbili ambazo kila moja ilikuwa kubwa kuliko dereva.

Wakuu, habari za muda huu. Haya nayoyaandika yamenitokea mwenyewe, hapa hapa Keko, na anayetaka kubisha ajue ushahidi upo. Ni wa mti wa mkongo, una urefu wa mkono wa mtu mzima, na mpaka leo uko kazini. Wale wa "fupisha mkuu", leo vumilieni kidogo.

Mie ni mwandishi wa riwaya. Yaani riwaya ninayo, mchapishaji ndiye sina. Nimepanga chumba nyuma ya karakana ya samani ya Fundi Chilumba, mtu wa Newala, ana miaka sitini na kitu, mfupi, mpole mpaka aone mbao imekatwa vibaya. Asubuhi naamshwa na randa, na harufu ya mbao za mninga inaingia dirishani kabla ya mwanga.

Fundi ana pumu. Miaka arobaini ya vumbi la mbao imeingia kifuani mwake ikajenga nyumba. Pampu yake anaiweka mfuko wa shati pamoja na penseli, na nimewahi kumshuhudia, kwa haraka ya kubanwa, akivuta penseli.

Zamani walikuwa wawili, yeye na mdogo wake Issa. Lile wimbi baya la korona lilipopita, Issa aliugua siku tano tu. Msibani watu wakasema "changamoto ya upumuaji", neno lililokuwa linatumika wakati ule, na hakuna aliyeuliza zaidi. Randa yake bado imening'inia ukutani. Inafutwa vumbi, haiguswi kwa kazi.

Kwa hiyo nieleweni hapo. Chanjo ilipofika mtaani, kwangu haikuwa ishu ya ubishi wa vijiweni. Nilikuwa nakiogopa kifua cha yule mzee.

Na yule mzee alikuwa hataki.

Sasa Bajaji ikapunguza mwendo mbele yetu. Fundi akaweka patasi chini.

"We kijana! Hiyo kitu ikiingia mwilini inafanyaje kazi?"

Dereva akafikiri. "Ni salama, mzee wangu."

"Sikukuuliza hivyo. Nimeuliza inafanyaje kazi."

"Ni hiari, mzee."

"Mwulize mara ya tatu," akadakia Festo, "atakwambia bure."

Festo ni fundi mwenza pale, mtu wa Njombe, mdomo wake hauna breki. Tukacheka wote, hata dereva akacheka, akaongeza sauti ya singeli, akasepa.

Fundi peke yake hakucheka. "Juzi walisema tujifukize mvuke. Nikajifukiza mpaka nikakaribia kuiva. Leo wanasema nichanje. Mtu kubadili mawazo si kosa, lakini aje aniambie kwa nini kabadili. Ananipigia muziki wa nini?"

Akaokota patasi yake, akarudi kwenye mbao.

Halafu kulikuwa na klipu. Kila simu pale karakanani ilikuwa nayo: bwana mmoja kavaa koti jeupe, hajulikani wa wapi, anasema hii chanjo ya mRNA inaingia kwenye vinasaba vyako na kukuandika upya.

"Mie ni Mmakonde wa Newala," Fundi akasema. "Sitaki kuamka asubuhi nimekuwa kitu kingine."

"Ukibahatika utaamka mrefu," Festo akamjibu, "uache kupanda stuli kupaka vanishi makabati."

(Chanjo zilizokuja zilikuwa za aina mbalimbali, na si zote za mRNA. Hiyo ya mRNA ndiyo iliyokuwa ikitolewa zahanati yetu wiki ile, na ndiyo iliyokuwa kwenye klipu. Nasema mapema ili mabingwa wa maabara msije kuniangukia.)

Nikajitosa. Biolojia nilipata D, ila wiki nzima nilisoma. Nikamkalisha Fundi nikamwaga protini, seli, vinasaba, kinga, na mikono yangu inapaa hewani kama ya mhubiri. Festo alisinzia akiwa amesimama.

Nilipomaliza, Fundi akaniambia kwa upole, "Unaongea kama ile Bajaji, mwanangu. Ila wewe huna hata muziki."

Iliniuma. Mtu anayejiita mwandishi, anashindwa kumwambia mzee mmoja jambo moja.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, naangalia tu wanavyofanya kazi, nikaona kitu nilichokiona kila siku bila kukiona.

Pale ndani kuna kasha lina kufuli. Humo Fundi anatunza mifano yake: vipande vya plaiwudi vilivyokatwa umbo la kila mguu wa kiti na kila kichwa cha kitanda alichowahi kubuni. Kasha halifunguliwi na mtu mwingine. Nyie mnaoijua Keko mnajua kwa nini. Ukitoa kochi jipya barabarani asubuhi, jioni pacha wake wa kuigwa anauzwa ng'ambo ya barabara.

Kazi ikija, Fundi anafungua kasha, anachora lile umbo kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, anarudisha mfano na kufunga. Festo anapewa karatasi tu. Anakata kwa kuifuata. Akimaliza, karatasi inatupwa kwenye moto wa jiko la gundi. Pale hakuna karatasi inayolala.

Chai ilinipoa mkononi.

Yule mzee alikuwa anafanya kazi kwa mRNA, yaani kwa nakala ya kupita, tangu mimi sijazaliwa.

Hapo mtu mwenye busara angekwenda kumwambia. Mie nikapata wazo la kihuni.

Ijumaa, Fundi alipokwenda kuswali, nikachukua karatasi ya saruji na penseli nikachora mguu wa kiti mbaya kuliko yote iliyowahi kuchorwa Temeke. Umejikunja katikati, juu una kichwa cha mviringo, na kichwa chote kimejaa miiba, kama fenesi lililokasirika. Nikampelekea Festo.

"Nichongee huu. Mguu mmoja tu, kiti usitengeneze."

Festo akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Mteja huyu ana matatizo nyumbani kwake."

Lakini hakuuliza imetoka kwa nani. Ndivyo walivyozoea: karatasi ya saruji imekuja, fuata mstari. Akaweka gogo la mkongo kwenye mashine, miiba akaimalizia kwa patasi. Nusu saa mguu ukawa tayari, na karatasi, kwa mazoea yale yale, ikaingia jikoni chini ya gundi.

Nikausimamisha mguu juu ya benchi nikajificha nyuma ya kabati.

Fundi akarudi, kofia bado kichwani. Akausogelea ule mguu kama mtu anayesogelea nyoka.

"Nani kaleta takataka hii?"

Festo akajifanya anapangusa mashine.

"Huu si mkono wetu! Hauna mfano kwenye kasha langu!" Akakimbilia kufuli, akalitikisa, lipo vile vile. Akarudi, akaushika mguu akamsogezea Festo puani. "Uangalie! Iangalie hii miiba! Ukiuona mguu kama huu tena, uwe kwenye kiti, uwe kwenye meza, uwe umefungwa guniani, hauvuki kizingiti hiki! Umenisikia?"

Akatoka nje akamwonya jirani wa kulia. Akamwonya na wa kushoto. Mie nyuma ya kabati nimejiziba mdomo, machozi ya kicheko yananitoka.

Halafu nikasikia kifua chake.

Wakuu, mnaijua ile filimbi. Alirudi ndani akakaa kwenye rundo la maranda, akapapasa mfuko wa shati, na mara hii hakukosea. Akavuta pampu mara moja. Akangoja. Akavuta tena. Festo alikuwa amepiga goti pembeni yake, hana utani hata mmoja.

Juu yao ilining'inia randa ya Issa.

Kicheko changu kilikufa palepale. Nikatoka nyuma ya kabati.

"Shikamoo, Fundi. Ni mimi."

"Marahaba ya nini sasa hivi?" akasema kwa pumzi ya kuazima. "Ni wewe nini?"

Nikangoja kifua kitulie, kisha nikamweleza, safari hii bila kupaa. Ile karatasi ndiyo chanjo. Ilileta maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja cha kirusi, ile miiba yake ya nje. Kirusi chenyewe haikukileta, kama mguu mmoja usivyoweza kukaliwa na mtu. Mwili wako umeusoma mchoro ukatengeneza kipande, kama Festo. Mwenye nyumba, yaani kinga yako, akakiona kigeni, akapandwa na hasira. Ndiyo homa ile watu wanayoipata siku ya pili. Kasha ndiyo vinasaba vyako. Karatasi imeshaungua. Kilichobaki ni wewe kuukumbuka ule mguu.

Fundi akaugeuza mguu, akaugeuza tena.

"Kasha halikufunguliwa."

"Halikufunguliwa."

"Na karatasi?"

"Imepika gundi, Fundi," akasema Festo.

"Sasa huyo mdudu mwenyewe akija na kiti kizima?"

"Utamjua kwa mguu."

"Hataingia?"

Nilitamani sana kusema hapana. "Anaweza kuingia, Fundi. Ila hatapata raha ya kukaa."

Nje mtu alikuwa anapiga msasa, taratibu.

"Nimeelewa," akasema Fundi.

Nikavimba, wakuu. Nilijiona nastahili kupewa wizara.

"Sasa na wewe nielewe," akaendelea. "Umeingiza kitu karakanani kwangu mimi nikiwa msikitini. Ungeniambia asubuhi, 'Fundi, leo naleta mguu mbaya, utakasirika, usiogope,' ningeupokea. Kifua kisingenibana. Wale wa Bajaji hawajui kueleza, lakini angalau wanapiga spika. Wewe hukupiga hata hodi."

Festo akatikisa kichwa. "Hapo umepigwa, Mwandishi."

Nikaomba radhi. Akanisamehe kwa adhabu: nifagie maranda wiki nzima, na nimpeleke kwa mtu anayeijua hiyo chanjo, si anayeisimulia.

Jumamosi tukaenda zahanati kwa Sista Neema, muuguzi wa zamu. Fundi akakaa, akaweka mguu wa kiti juu ya meza ya Sista, akasimulia kisa chote. Sista akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

"Maelezo ya kijana ni sawa, baba. Tabia yake ndiyo mbovu."

Akamweleza mzee kwamba mkono utauma, homa inaweza kuja siku moja au mbili. Kwamba mtu aliyechanja anaweza kuugua, ila hatari ya kuzidiwa inapungua sana, na kwa mwenye kifua kama chake hilo ni kubwa. Kwamba kuna madhara makubwa yanayotokea kwa nadra, na akisikia maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio arudi haraka bila kungoja.

"Na hii kinga itakaa na mie muda gani?"

"Hilo sijui, baba," akasema Sista. "Inapungua polepole, na watu hawafanani. Nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya."

Fundi akanigeukia, uso umemng'aa kama aliyepewa zawadi. "Umesikia? Amesema hajui!"

Tukarudi nyumbani. Hakuchanja siku ile. Alisema analala nalo kwanza, na mie, kwa mara ya kwanza, nikafunga mdomo.

Funzo langu naliweka hapa, kabla ya mwisho, maana mwisho wenyewe hautaki maneno nyuma yake. Nilidhani yule mzee alihitaji sayansi. Sayansi aliishika kwa nusu saa, na mguu mmoja. Alichokikosa ni mtu wa kumwambia "tulisema vile, sasa tunasema hivi, na sababu ni hii", na kumwambia "hapa sijui". Salama, hiari, bure ni maneno mazuri. Ila hayajibu swali la mtu aliyemzika mdogo wake bila kuambiwa alikufa kwa nini.

Nyie kwenu ilikuwaje? Nani alikueleza ukaelewa? Na wewe uliyekataa, hukujibiwa nini? Shusheni hapa chini, matusi kidogo ruksa.

Haya, mwisho.

Mlango wa karakana ile aliupachika Issa. Ni wa mninga, mzito, na ulikaa upogo kidogo, kwa hiyo ukiuachia unajifunga wenyewe. Fundi hajawahi kukubali urekebishwe. Tangu siku ya kisanga, kinachouzuia usijifunge ni ule mguu wa miiba.

Jumanne asubuhi nilikuwa nafagia adhabu yangu. Fundi akatoka chumbani kwake kavaa shati la pasi, la mikono mifupi. Akapapasa mfuko: pampu ipo, penseli ipo.

"Nikusindikize zahanati, Fundi?"

"Wewe fagia. Ukija utaenda kuongeza chumvi."

Akasimama kidogo chini ya randa ya Issa, akaigusa kwa kidole. Akatembea mpaka mlangoni, akainama, akauchomoa ule mguu, akaubana kwapani.

Akatoka. Mlango ukaja taratibu, kama alivyouacha Issa, ukajifunga nyuma yake.