Ipi Ndiyo Diski Ngumu

Nilirudi Utemini kutoka Nairobi na diploma ya kompyuta ambayo ada yake niliilipa mwenyewe, kwa kuuza kuku. Nilipofungua duka nilitaka mji ujue kwamba aliyerudi ni msomi, kwa hiyo bango nililiandika kwa Kiswahili sanifu: TUNAUZA DISKI NGUMU NA SSD. Wenzangu waliandika hadidiski. Mimi si mtu wa kuandika hadidiski.

Wateja walikuja, na karibu wote walitaka ngumu. Ni kweli bei yake ilikuwa chini kuliko ya SSD, ile aina mpya ya diski, na ilibeba mafaili mengi zaidi, lakini kilichowavuta hasa ni jina.

Siku moja alikuja mwalimu wa kwaya kutoka Kiomboi, diski yake ameifunga ndani ya kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wameniambia wewe ndiye uliyesoma."

"Hawakukosea."

Diski ilikuwa inagongagonga kwa ndani. Ilikuwa na nyimbo zote za kwaya, na binti aliyeziongoza alikuwa ameshaolewa Manyoni. Asingerudi kuziimba upya. Nilizihamishia kwenye SSD, na wimbo wa mwisho ulipoingia, ile ya zamani ikanyamaza moja kwa moja. Fundi mwingine angezipoteza.

Nikamwekea SSD mkononi. Akaipimapima.

"Nyepesi kama biskuti. Nipe ngumu, mwanangu. Barabara yetu unaijua."

Nikaifungua ile iliyokufa, nikamwonyesha sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaopita juu yake ukisoma. "Basi likiruka, mkono unakwaruza sahani. SSD haina kinachozunguka." Nikachukua SSD nyingine kwenye rafu, nikaiachia ikaanguka kwenye saruji. Nikaichomeka, ikafunguka.

"Hiyo haina kitu," akasema. "Mnadani kila mtu anasifu ng'ombe wake. Angusha yetu."

Nyimbo zile hazikuwa kwingine popote. Ningeweza kuzinakili kwanza, lakini mbele ya macho yale ingekuwa sawa na kusema siiamini bidhaa yangu. Niliiinua hadi usawa wa bega, nikaiachia.

Mama alifumba macho. Nikaiokota, nikaichomeka, na sauti ya yule binti ikajaa dukani, safi, bila mkwaruzo. Mama hakufumbua macho mpaka ubeti wa kwanza ulipokwisha; midomo yake ilikuwa ikiifuata sauti ya pili.

"Sasa hii ndiyo ngumu," akasema. "Mbona nje umeandika uongo?"

Kabla hajaondoka nilinakili nyimbo zake zibaki dukani pia, maana SSD ikitaka kufa haigongi wala haiagi. Kesho yake nikapanda ngazi hadi kwenye bango, na kopo la rangi mkononi.

Mpaka leo, kwangu ukiomba diski ngumu unapewa SSD. Vijana wa vyuo wanaokuja kunisahihisha nawauliza jambo moja tu: hiyo ngumu ya kwako, uko tayari kuiangusha?