Darasa la Watu Wasiochagua

Marsiana aliingia darasani kila siku kana kwamba amelijenga yeye. Lilikuwa banda la miti na turubai, benchi zake za magogo, katika kambi ya wakimbizi wa Burundi wilayani Ngara, na walilijenga wakimbizi wenyewe. Lakini ukimwona anavyopangusa ubao ungeapa ni mali ya baba yake. Mimi, Danstan, nilifundisha hesabu banda la pili. Turubai moja ndiyo iliyotutenganisha, kwa hiyo nimesikia masomo yake yote ya Kiingereza, nitake nisitake.

Kwao ni Ntobeye, binti wa mkulima wa kahawa na ndizi. Kihangaza chake na Kirundi cha wanafunzi ni ndugu, ndiyo maana hawakuweza kumsengenya. Wanafunzi wazee aliwaamkia kwanza shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha akawasahihisha bila huruma.

Mwaka 2003 shirika lililosimamia mafunzo likatangaza kwamba mtu mmoja wa darasa la Marsiana atasomeshwa kazi: uuguzi msaidizi wa zahanati au ualimu. Wakufunzi walikuwa wageni, hivyo usaili ungekuwa mazungumzo ya Kiingereza. Mada ililetwa kabisa: likizo, unafanya nini, unapenda nini, unapendelea kipi kuliko kingine. Marsiana akamchagua Iradukunda, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyeingia kambini akiwa mtoto, mwenye kichwa chepesi na sauti ndogo.

"Nafasi hii ikimpita, atapanga foleni ya mgao mpaka azeeke," aliniambia. "Haitampita. Nataka awe mwalimu, nimwachie darasa langu."

Hakusema "Mungu akipenda." Alikuwa na uhakika hata kwa niaba ya Mungu.

Somo likaanza, na likakwama palepale. Kiingereza hakikuwasumbua. Walijifunza maneno ya kuogelea, kupanda milima na kumtembelea bibi, wakavitaja vyote vizuri. Kilichowashinda ni kupenda. Unapenda bahari au mlima? Vyote vizuri. Unapendelea kusafiri au kupumzika? Vyovyote. Siku moja Marsiana akaleta ndizi za kuchoma na za kupika, akawaambia kila mtu aseme anazotaka. Mzee Havyarimana, mkubwa kuliko wote darasani, akajibu kwa upole, "Utakachonipa, mwarimu, ndicho kizuri." Iradukunda akajibu hivyohivyo, na ndizi zikapoa.

"Dada, hawa hawana likizo," nikamwambia mchana. "Utawafundishaje kuipenda?"

"Likizo wanayo. Shule zikifungwa vijana wanakuja vijijini kwetu kupalilia kahawa. Tatizo ni malezi, na mimi nimelelewa hivyohivyo. Wewe ukinikaribisha kwenu ukaniuliza nile nini, nitataja?"

"Hutataja."

"Nikitaja, mama atanikana. Mgeni anayechagua hana adabu. Sasa hao wamekuwa wageni miaka kumi. Nani aliwahi kuwauliza kama wanapenda mahindi ya mgao?"

Kusema kweli iliniuma, maana hata mimi sikuwahi kuwauliza chochote isipokuwa saba mara nane.

Kesho yake akaja na dawa. Kwetu, chungu cha pombe ya ndizi kikiletwa, mwenyeji huonja kwanza kwa mrija wake, mgeni ajue hakuna sumu, kisha mgeni anakunywa bila wasiwasi. Marsiana akaweka sheria hiyo darasani: anayeuliza aonje kwanza. Aseme yeye anapenda nini na nini hapendi, ndipo amgeukie mwenzake. Naye akaanza. Akawaambia anapenda kulala mpaka jua litoke, na hapendi kabisa harusi za binamu zake. Wakacheka, na baada ya kucheka midomo ikafunguka. Kumbe mzee Havyarimana alichukia ndizi za kupika tangu utoto. Kelele zilivyozidi, wanafunzi wangu wakaacha hesabu wakasikiliza.

Siku ya usaili akaja mgeni wa shirika, mtu mzima mwenye miwani, akakaa mle mle bandani. Marsiana aliruhusiwa kukaa nyuma, mradi asiseme neno. Mimi niliwapa wangu hesabu ndefu za kugawanya, nikasogea kwenye turubai.

Mgeni akamwuliza Iradukunda anapenda kufanya nini wakati wa likizo. Kimya. Akauliza tena, taratibu. Kimya. Nikaelewa: msichana alikuwa anasubiri mgeni aonje kwanza. Nilimkasirikia Marsiana kwa mila yake ile. Nikasikia kalamu ya mgeni ikiandika kitu, na benchi la nyuma likilia kwa mtu anayejizuia kusimama.

Kisha ile sauti ndogo ikasema kwa Kiingereza, "Tafadhali, wewe kwanza."

Mgeni akacheka. Akasema anapenda kuvua samaki na kaka yake, na hapendi kukaa kwa wakwe. Hapo Iradukunda akafunguka. Akasema shule zikifungwa huenda kufanya kazi kwenye kahawa. Kupalilia hakupendi, mgongo unauma na kila mtu yuko mstari wake. Anapendelea kuchuma, kwa sababu wanawake huzunguka mti mmoja wakapiga soga. Samaki hawapendi, akaongeza, wananuka. Mgeni akamsogezea swali la mwisho: kati ya ualimu na uuguzi, anapendelea upi?

"Uuguzi," akasema papo hapo.

"Lakini mwalimu wako yuko hapa nyuma. Hutaki kuwa kama yeye?"

"Yeye ninampenda sana. Kazi yake siipendi."

Mgeni alipompa matokeo na kuondoka, Marsiana akaja bandani kwangu, akakaa kwenye benchi la wanafunzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Amepata," akasema. "Na amenikataa mbele ya mgeni, Danstan, bila kuinamisha kichwa."