Nilisali kwa Mtakatifu Rita, Jirani Yangu Akiwa Mlangoni

Nilikosa mimi, wala sina wa kumsingizia. Padri nilishamwambia, akaniondolea dhambi. Lakini moyo haujatulia, ndiyo maana leo nawaambia nyinyi.

Nilikuwa naishi Mahajanga, Madagaska, mtaa wa Tsaramandroso, nimeolewa na sina mtoto. Kanisani mimi ndiye niliyewaongoza kina mama wa Mtakatifu Rita. Maisha yake niliyajua yote: jinsi mumewe alivyouawa, naye akawasamehe wauaji, jinsi watawa walivyomkatalia mara tatu asiingie kwao, kwa kuogopa ugomvi wa ukoo wake. Nikiwasimulia wenzangu habari za wale watawa, nilikuwa nalia. Jamani, nilikuwa nalia kweli!

Jirani yangu alikuwa Mkomori, Mwislamu, mshona kofia. Nilimwita Zoky, yaani dada mkubwa. Nilipougua malaria ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko.

Mwisho wa mwaka 1976 watu wakaanza kuwasaka Wakomori mitaani, kwa mapanga na moto. Ilikuwa asubuhi, siku ya mwisho ya novena yangu, sala ya siku tisa ya kuomba mtoto. Nikasikia mlango unagongwa.

"Fungua, mdogo wangu. Ni mimi."

Nikawaza, wakimkuta kwangu wataichoma nyumba. "Kimbilia kanisani, Zoky!"

"Sifiki. Basi mchukue mtoto tu."

Binti yake alikuwa na miaka mitatu!

Mnajua nilifanya nini? Nilipiga magoti nikapaza sauti: "Mtakatifu Rita, utuombee!" Nilisali kwa kelele ili nisimsikie. Mungu wangu!

Aliyewaficha ni fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mlevi niliyekuwa namdharau. Lakini kabla hawajamfikia, panga lilikuwa limeshamkata Zoky mkono wa kulia. Hakushona tena.

Siku walipopandishwa meli kurudishwa Komoro, nilikwenda bandarini na mkate. Hakuupokea. Alisema tu, "Nilikusikia ukisali."

Mtoto sikupata. Mume naye akaondoka. Nikahamia kisiwani Nosy Be, nikawa natarizi vitambaa vya meza na kuviuza.

Miaka mingi baadaye akaja mteja, mwanamke kijana kutoka Komoro. Katika kuongea akaniambia amezaliwa Tsaramandroso, mama yake alikuwa akishona kofia. Nikamtajia jina langu.

"Kumbe ni wewe!" akasema kwa furaha. "Marehemu mama alikuwa akikutaja. Alisema siku ile hukuwepo nyumbani."

Zoky alikuwa amenisitiri! Ningeweza kunyamaza.

"Nilikuwepo," nikamwambia. "Nilimsikia."

Aliniangalia. Akakiweka kitambaa mezani polepole, akatoka. Sijamwona tena.

Wenzangu mnaosali, nawasihi. Mtu akikuita, ikatishe sala yako, inuka umwendee. Mtakatifu atakusubiri. Yule aliyeko nje hawezi.