Fundi Anayejifanya Mwizi Kila Asubuhi

Asubuhi, zahanati ikiwa bado inapigwa deki, fundi wa mtandao anakaa kwenye kompyuta yake na kujifanya mwizi. Anaipa seva, kompyuta kuu ya zahanati, anwani ya hila, anabonyeza, anangoja. Seva inakataa. Anatafuta hila nyingine.

"Leo umeiba nini?" mama wa usafi anamtania, akikamua dekio.

"Sijaambulia kitu, mama. Mlango mgumu."

"Basi mshukuru Mungu."

Mazoea haya yana chanzo chake. Tovuti ya zahanati humruhusu mgonjwa kuweka picha yake kwa kuandika anwani ilipo mtandaoni. Seva yenyewe huenda kuichukua. Fundi alijua hatari yake: mtu angeweza kuituma seva kwenye mafaili ya wagonjwa, maana huko ndani ya mtandao wa zahanati haiulizwi na yeyote. Akazizuia anwani zote za ndani, akalala usingizi.

Mwizi wa kweli akaandika anwani ya nje, safi kabisa. Seva ilipofika huko ikaambiwa picha haipo hapa, ipo kule. Na kule kulikuwa ndani, kwenye mafaili. Ikageuka, ikaenda, ikamletea.

"Nilikagua inakoanzia tu," anasema. "Sikuwaza kwamba njiani itaelekezwa kwingine."

Mafaili yakasambaa kwenye simu za watu. Moja lilikuwa la dada yake mkubwa, mpishi wa shule, mwenye kifafa. Wazazi wa wanafunzi wakasema hawamtaki karibu na moto wala masufuria. Akaachishwa kazi.

Tena siri ile, ukiacha daktari, dada alikuwa amemwambia fundi peke yake.

"Alinijia juu: 'Nilikwambia wewe tu, mdogo wangu. Wewe tu!' Nikamwambia ni seva. Akaniuliza, 'Seva ina mdomo?'"

Anacheka kidogo, kisha anafuta macho kwa kiganja. Tangu hapo dada hapokei simu yake.

Sasa seva hukaguliwa kila inapoelekezwa upya. Wakubwa wa zahanati wamemsamehe.

Anazima kompyuta, anapiga simu, kama afanyavyo kila siku. Leo inapokelewa.

"Umekula?" inauliza sauti ya dada.

"Bado, dada."

Simu inakatwa.

Fundi anabaki ameishika sikioni.

"Jumapili, nikitoka kusali, nakwenda kwake," anasema. "Seva sitaitaja tena. Nitamwambia nilipewa mlango niulinde, nikaulinda vibaya. Akinifukuza, nitakaa pale nje mpaka anifungulie."